Kabla Hujalipa Kulala Hemani Tsavo

Nilipomwambia mamangu kwamba mimi na mume wangu tunakwenda kulipa pesa zote zile tukalale hemani, aliniuliza kama nyumba yetu imeingia maji. Kwake yeye hema ni la mafuriko na matanga. Sikumlaumu. Sisi watu wa Mombasa, mbuga ya Tsavo twaiona kwenye dirisha la treni tu, tunaonyeshana ndovu waliojipaka udongo mwekundu, kisha kila mtu anarudi kwenye simu yake.

Hema lenyewe lilikuwa la turubai kweli, ila limekaa juu ya sakafu ya mbao. Ndani kitanda kikubwa chenye chandarua, nyuma choo cha kuvuta maji na bafu, mbele baraza inayotazama mto Galana, huo huo unaoitwa Sabaki ukikaribia Malindi. Kwa baraza ile pekee ningerudi.

Penye kutaka macho ni pesa. Bei tuliyopewa ilikuwa ya kulala na kula tu. Gari la kutupokea kituo cha treni cha Voi na mizunguko ya kuangalia wanyama vilikuwa na hesabu yake, na hilo tulilijua tukiwa tumeshafika. Basi uliza kimoja kimoja, uandikiwe. Ada ya mbuga nayo hulipwa mtandaoni kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, si noti getini. Na sema mapema kwamba una kitambulisho cha Kenya. Mimi nilianza kwa Kiingereza, nikatajiwa dola. Nilipogeuza Kiswahili, bei ya wakazi ikapatikana. Ukila halali, uliza siku ya kuweka nafasi. Usingoje hadi uketi mezani, maana kule hakuna duka la jirani.

Masika bei hushuka, lakini nyasi huwa ndefu na njia hugeuka tope. Sisi tulikwenda Agosti, wanyama wanapofuata maji, nikatetemeka alfajiri garini kama niliyelowa. Chukua sweta, usinicheke. Buibui jeusi niliacha nyumbani kwa ushauri wa dereva: mbung'o hupenda rangi nyeusi na buluu. Nilivaa dera la kahawia na mtandio, na vumbi halikuonekana sana. Maji ya chupa za kutupa pia usibebe, zimepigwa marufuku mbugani tangu 2020.

Sasa usiku. Kambi yetu haikuwa na ua. Giza likiingia hutembei peke yako. Askari anakuja na tochi kukupeleka kula, anakurudisha, unafunga zipu, basi. Hapo ndipo unapogundua kwamba kati yako na pori pana kitambaa. Usiku wa kwanza simba alinguruma ng'ambo ya mto, na mume wangu akaona huo ndio wakati mwafaka wa kunisimulia wale simba wawili waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898. Sikulala. Asubuhi askari akaniambia sauti ile husafiri kilomita nyingi, simba hakuwa karibu hata kidogo. Ningeuliza mapema ningelala. Usiku wa pili nilisikia kitu kikitafuna majani nyuma ya bafu, kwa utulivu kabisa, nikasikiliza hadi usingizi ukanichukua.

Aliyetuibia alikuja mchana. Niliacha halua kwenye mkoba na zipu haikufika chini. Nyani hakuhitaji zaidi ya hapo. Chakula chochote kipeleke jikoni wakuwekee, hata peremende za mtoto.

Tikiti ya treni kata mapema, na hakikisha ni ya treni inayosimama Voi, usije ukapitishwa hadi Nairobi. Sisi tulipanda kituo cha Miritini, hapa Mombasa, asubuhi na mahamri yetu, tukayamaliza kabla ya Mariakani.

Mama naye siku hizi anauliza kama hilo hema lina kitanda cha tatu.