Nairobi–Mombasa kwa ndege: kwa nini tiketi inasema saa nzima

Ndugu, umeuliza iweje kilomita 425 zichukue saa nzima ilhali jeti inakwenda kilomita 800 kwa saa. Hesabu yako ya dakika 32 ni sawa, ila inadhani ndege iko kwenye kasi hiyo tangu JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, hadi Moi, ule wa Mombasa. Haiko.

JKIA iko mita 1,600 na kitu juu ya bahari. Kupanda kutoka hapo hadi mita 9,000 au zaidi kunakula takriban kilomita 150, na kushuka kunahitaji karibu 180. Yaani zinabaki kama kilomita 100 tu za mwendo kamili! Ndiyo maana wahudumu hawajamaliza kugawa maji, rubani tayari anapunguza injini. Angani utakaa dakika 40 hadi 45. Zilizobaki ni za ardhini, kwa kuwa muda wa tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa tena.

Kurudi Nairobi huweza kuzidi kidogo: upepo ukitoka mashariki, ndege hutua ikielekea kaskazini-mashariki, hivyo hulazimika kuzunguka kwanza upande wa kusini-magharibi. Ndege ya mapangaboi nayo iongezee dakika 10 hivi.

Jambo moja la kuangalia sana: 07:00 kwenye tiketi ni saa moja asubuhi, si saa saba mchana. Na ukienda Mombasa, omba dirisha la kulia. Kukiwa hakuna mawingu, Kilimanjaro iko upande huo.