Mdogo wangu, usinunue pikapu ya kuwaridhisha wenzako

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Columbus, Ohio, aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nataka kuanza kazi ya kupaka rangi nyumba. Wenzangu wanasema haibridi, yaani yenye injini ya petroli na mota ya umeme, si pikapu ya mwanaume, nichukue V8 yenye injini kubwa ya silinda nane. Wewe unayo Ford Maverick ya haibridi. Inafaa?"

Marahaba, mdogo wangu. Inafaa. Nitakujibu kwa urefu, maana hayo ya "pikapu ya mwanaume" nimeambiwa mimi kabla yako, tena na watu tunaokaa nao meza moja kila sikukuu hapa Minneapolis.

Ford ilipoitangaza pikapu yake ndogo, Maverick, mwaka 2021, ya haibridi ilianzia dola 19,995, na sisi wa kazi za mikono tulifurahi kweli. Nikaenda kwa dila, yaani duka la magari ya Ford, nikiwa na buti zangu zenye madoa ya rangi. Muuzaji akazitazama buti, akanitazama usoni, kisha akanionyesha karatasi ya pili iliyobandikwa chini ya ile ya bei ya kiwandani: maelfu ya dola juu, eti "hali ya soko". Nilipouliza sababu akaniambia kuna magari yaliyotumika kule nyuma. Mpaka leo likinijia moyo unachemka. Niliondoka, nikaagiza kwa dila wa mji mwingine kwa bei ya karatasi ya kiwandani, nikasubiri. Kwa hiyo omba bei ya mwisho kwa maandishi kabla hujatoka nyumbani.

Sasa mafuta. Kwa ile ya 2022, vipimo vya serikali ya Marekani ni maili 42 kwa galoni mjini na 33 barabara kuu, yaani karibu kilomita 18 na 14 kwa lita. Umeona mjini inakula kidogo kuliko barabara kuu? Ndivyo haibridi ilivyo. Ukikanyaga breki, mota inageuka jenereta na kuirudishia betri umeme, na kwenye foleni injini inazimika yenyewe. Ukisimama kwenye taa, dashibodi inakuandikia asilimia ya nguvu uliyookoa. Mimi nilijifunza kuachia mafuta mapema na kukanyaga breki taratibu mpaka ile namba ikakaa juu ya tisini karibu kila taa, na wakati wa joto naipita ile 42 bila shida.

Baridi ni habari nyingine, na wauzaji hawakwambii. Januari ya Minnesota injini haizimiki ovyo, kwa sababu joto la ndani ya gari linatoka kwenye injini hiyohiyo, na betri nayo ikiganda inapokea umeme kidogo. Maili zangu kwa galoni hushuka hadi thelathini na kitu. Ohio kwenu ni nafuu, lakini usishtuke.

Kuhusu uimara, watu wanaogopa wasichokijua. Haibridi hii haina stata wala alteneta ya kawaida, kwa hiyo hivyo viwili havitakufia asubuhi ukiwa na mteja anasubiri. Gia zake ni za meno ya chuma, hazina ule mkanda wa CVT nyingine, yaani gia zinazobadilika bila ngazi. Betri na vifaa vyake vya haibridi vina dhamana ya miaka 8 au maili 100,000. Cha kuangalia ni breki: kwa kuwa mota inafanya kazi kubwa, pedi hukaa muda mrefu bila kuisha, na chumvi ya barabarani inavitia kutu vyuma vinavyozishikilia. Kila masika mwambie fundi azifungue, asafishe na apake grisi. Halafu Julai 2022 Ford iliyaita yarudi kwa matengenezo magari zaidi ya 100,000 yenye injini hii ya lita 2.5 ya haibridi, Maverick zikiwamo, kwa hatari ya moto injini ikiharibika. Ukinunua iliyotumika, ingiza namba ya chasisi kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, uone kama ilirekebishwa. Kazi hiyo dila hufanya bure.

Mzigo je? Pauni 1,500, karibu kilo 680. Ndoo za rangi, ngazi, kompresa na msaidizi wako vinaingia. Sehemu ya nyuma ya kubebea mzigo ni fupi, futi nne na nusu, ila geti la nyuma linasimama nusu, na mbao za plaiwudi zinalala juu yake zikiwa sawa kabisa. Kuvuta ni pauni 2,000 tu, basi.

Niseme wazi, ndugu zangu. Tumekuja ughaibuni kutafuta. Kijana anasaini mkopo wa miezi 84 kwa pikapu inayoweza kuvuta boti, na boti hana. Kila mwezi anamlipa mwenye benki, mama nyumbani anasubiri hela ya dawa. Ile V8 unayoonewa fahari kwenye maegesho ya harusi, petroli yake hawakuchangii waliokusifu. Hesabu mzigo wa kazi yako, hesabu maili zako, nunua inayolingana na hesabu hiyo.

Ukihofia theluji, kuanzia ya 2025 haibridi inapatikana ikisukumwa na magurudumu yote manne, na ukiongeza kifurushi cha kuvuta inafika pauni 4,000. Ikikuzidi bei, chukua inayosukumwa na magurudumu ya mbele uivalishe tairi za baridi. Ndiyo niliyonayo na inanifikisha kazini. Dila akikupa bei kwa maandishi, nitumie niisome kabla hujasaini.