Uliza Mtakwimu: Foleni isiyoisha, makosa ya kila wiki na stoo inayokauka

Safari hii tumechagua barua nne. Zimetoka idara tofauti, lakini zote zinaugua ugonjwa mmoja: wastani umeaminiwa kupita kiasi.

SWALI: Ndugu wahariri, nasimamia ofisi yenye dirisha moja la huduma. Kwa wastani watu 9 wanafika kila saa. Karani humaliza mtu mmoja kwa dakika 6, yaani anaweza kuhudumia 10 kwa saa. Kwa hesabu hiyo anabakiwa na dakika 6 za kupumua kila saa. Mbona wateja wanakaa karibu saa nzima, na malalamiko hayaishi mezani kwangu? Karani anategea?

JIBU: Hategei. Hesabu yako ingekuwa sawa kama watu wangefika mmoja mmoja kila baada ya dakika 6 na sekunde 40, na kama kila shida ingechukua dakika 6 kamili. Hali halisi sivyo ilivyo. Wanaingia watatu kwa mkupuo, kisha robo saa hakuna mtu. Anakuja mwenye fomu safi anamalizwa kwa dakika 2, nyuma yake yuko mwenye faili lililopotea anayekula dakika 20. Robo saa ile karani aliyokaa bure haiwekwi akiba ya kutumika mkupuo ukija. Foleni hulimbikizana, muda wa bure haulimbikizani. Hapo ndipo saa yako inapopotelea.

Jambo hili lilianza kupigiwa hesabu katika simu. Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1909 kazi iliyoonyesha jinsi simu zinavyoingia kwa kubahatisha. Kwa dirisha moja, watu wakifika kiholela na muda wa huduma ukitofautiana sana, kanuni ni hii:

kusubiri kwa wastani = wanaofika kwa saa ÷ [uwezo kwa saa × (uwezo − wanaofika)]

Kwako: 9 ÷ [10 × (10 − 9)] = saa 0.9, yaani dakika 54. Malalamiko yako yanaafikiana na hesabu kabisa.

Sasa badilisha idadi ya wanaofika tu, karani akibaki yule yule. Wakifika 5 kwa saa, kusubiri ni dakika 6. Wakifika 8, dakika 24. Wakifika 9, dakika 54. Wakifika 9.5, dakika 114. Nusu mtu zaidi kwa saa imeongeza saa nzima ya kusubiri! Ndiyo maana meneja anayejisifu kwamba watumishi wake wanashughulika asilimia 95 ya muda, bila kujua, anajisifu kwa urefu wa foleni yake.

Kabla ya kugusa chochote, pima. Kwa wiki mbili andika nyakati tatu kwa kila mteja: alipofika, alipoanza kuhudumiwa, alipomaliza. Saa ya kufika ichukuliwe mlangoni, si pale anapoitwa. Waliokata tamaa wakaondoka nao wahesabiwe, maana ukiwaacha nje ofisi itaonekana nzuri kuliko ilivyo. Kisha gawa siku katika vipande vya nusu saa, kwa sababu wastani wa siku nzima huficha mkupuo wa asubuhi.

Kuna njia rahisi ya kukagua kumbukumbu zako. Kila baada ya dakika 15 hesabu watu waliomo ofisini, pamoja na anayehudumiwa. Kwa muda mrefu, wastani wao unapaswa kuwa sawa na wanaofika kwa saa mara saa anazokaa kila mmoja ndani. Kwako ni 9 × saa 1 (kusubiri 54, huduma 6), yaani watu 9. John Little alithibitisha kanuni hiyo mwaka 1961, na haijali watu wanafika kwa mtindo gani. Ukihesabu vichwa ukapata 14 wakati karatasi zinadai 9, karatasi zinavuja mahali. Mara nyingi ni watu wanaokaa muda mrefu kabla ya kupewa namba.

Halafu tiba. Dirisha la pili halipunguzi kusubiri kwa nusu. Linakushusha kutoka dakika 54 hadi chini ya 2. Kwa hiyo mtumishi wa kuazima kwa saa za mkupuo tu anaweza kutosha, huna haja ya kuajiri wa kudumu. Ofisi ambayo tayari ina madirisha mawili, kila moja na foleni yake ya watu 9 kwa saa, iunganishe foleni iwe moja na wa mbele aende dirisha litakalokuwa wazi. Kusubiri kunashuka kutoka dakika 54 hadi karibu 26 bila kuongeza mtu. Njia ya tatu ni kupunguza mtawanyiko wenyewe: mtu wa kukagua fomu mlangoni, na mashauri marefu yapangiwe miadi. Kama kila huduma ingechukua dakika 6 zile zile, kusubiri kungekuwa 27 badala ya 54, karani akifanya kazi ile ile.

Angalizo moja. Kanuni hii inadhani mwendo wa watu kufika hautofautiani sana mchana kutwa. Kama mlango unafunguliwa huku watu 30 wamekwisha jipanga nje, iache. Chora mistari miwili kwenye grafu moja, jumla ya waliofika na jumla ya waliomaliza, dhidi ya saa. Nafasi ya wima kati ya mistari ni idadi ya watu waliomo, nafasi ya mlalo ni muda aliokaa mtu. Mchoro huo utakuambia saa ya kuongeza mtumishi kuliko kanuni yoyote.

SWALI: Idara yetu hutoa ankara, karibu idadi ile ile kila wiki. Ankara zenye makosa kwa wiki 10 zilizopita ni: 22, 27, 19, 25, 30, 21, 24, 28, 20, 26. Wiki ya tano, makosa yalipofika 30, mkurugenzi aliitisha kikao na kufoka. Wiki iliyofuata yakashuka hadi 21. Sasa anaamini kufoka kunafanya kazi. Nimjibu nini?

JIBU: Mjibu kwa kalamu. Kwanza wastani: jumla ni 242, gawa kwa 10, ni 24.2. Pili, tofauti kati ya kila wiki na inayofuata, bila kujali alama ya kutoa: 5, 8, 6, 5, 9, 3, 4, 8, 6. Jumla yake 54, gawa kwa 9, ni 6. Zidisha 6 kwa 2.66, namba ya kudumu ya chati ya aina hii, upate karibu 16. Ongeza na utoe kwenye wastani: mpaka wa juu ni 40, wa chini ni 8.

Hiyo ni chati ya udhibiti, chombo kilichobuniwa na Walter Shewhart mwaka 1924 alipokuwa Western Electric, Marekani. Namba iliyo ndani ya mipaka, na isiyo na mpangilio maalum, ni mtikisiko wa kawaida wa mfumo. Thelathini yenu imo ndani kwa raha zake. Hakukuwa na jambo la pekee wiki ile, na kikao kilikuwa kinatafuta mchawi asiyekuwepo.

Kwa nini basi makosa yalishuka? Kwa sababu 30 ndiyo ilikuwa namba kubwa kuliko zote. Baada ya namba iliyo juu sana, inayofuata huwa karibu zaidi na wastani, ufoke usifoke. Francis Galton aliliona hilo mwaka 1886 katika vimo vya wazazi na watoto wao. Upande wa pili wake ni mbaya zaidi. Wiki ya tatu makosa yalikuwa 19, na kama idara ilisifiwa, wiki iliyofuata yalipanda hadi 25. Meneja anayefuatilia namba hivi atajifunza kwamba sifa huharibu watu na makaripio huwatengeneza, na atakuwa amefundishwa na bahati nasibu.

Chukueni hatua pale namba moja itakapotoka nje ya mipaka, au wiki nane mfululizo zitakapokaa upande mmoja wa wastani. Hapo kuna sababu ya kutafutwa, na itafuteni siku hiyo hiyo kabla watu hawajasahau kilichotokea.

Kinachoharibika mara nyingi ni hiki: mtu anaacha zile tofauti za wiki kwa wiki, anachukua mkengeuko sanifu (kipimo cha kutawanyika kuzunguka wastani) wa namba zote kwa pamoja. Kama katikati kulikuwa na badiliko la kweli, badiliko lenyewe linatanua mipaka hadi linajificha ndani yake. Kosa jingine ni kukokotoa mipaka upya kila Ijumaa. Wiki 10 zinatosha kwa mipaka ya muda. Zikifika 20 kokotoa tena, kisha iache mpaka mtakapobadilisha utaratibu wa kazi. Na kama idadi ya ankara ingekuwa inapanda na kushuka, ungechora asilimia badala ya idadi.

Swali lenyewe la mkurugenzi ni kwamba 24 ni nyingi. Pengine ni nyingi kweli. Lakini kushusha wastani wa mfumo uliotulia ni kazi ya kubadilisha mfumo. Chukua ankara zote mbovu za wiki 10, siyo za wiki ya tano peke yake, zipange kwa aina ya kosa, uanze na fungu kubwa.

SWALI: Stoo yetu hutoa vipande 20 vya kipuri fulani kwa siku. Mzigo huchukua siku 9 kufika, kwa hiyo tunaagiza vikibaki 180. Bado tunaishiwa mara kwa mara. Tumekosea wapi?

JIBU: Mmeagiza kwa wastani mtupu. Kwa mpango huo, karibu nusu ya mara mnazosubiri mzigo mtaishiwa kabla haujafika. Inatakiwa akiba ya tahadhari juu ya 180.

Tuseme mkengeuko sanifu wa matumizi ya siku, yaani kipimo cha kutawanyika kwake kuzunguka wastani, ni 6. Kwa siku 9 hauzidishwi kwa 9, unazidishwa kwa kipeuo cha pili cha 9, yaani 3. Ni 18. Mkitaka kutoishiwa katika mizunguko 95 kati ya 100, zidisha kwa 1.65: vipande 30. Agizeni vikibaki 210.

Ila hapo tumechukulia kwamba mzigo hufika siku ya 9 kamili. Chimbueni hati za kupokelea mizigo za mwaka mzima mwone. Ikiwa siku hizo nazo zina mkengeuko wa siku 2, hesabu inakuwa kipeuo cha pili cha (9 × 36 + 400 × 4), ambapo 36 ni 6 × 6, 400 ni 20 × 20 na 4 ni 2 × 2, yaani karibu 44. Akiba inaruka kutoka 30 hadi 73, na kiwango cha kuagiza kinakuwa 253. Tazama uzito wa tatizo ulipo: 324 imetoka kwa watumiaji wenu, 1,600 imetoka kwa msambazaji. Kumbana msambazaji awe na siku ya uhakika, hata kama ni ya mbali kidogo, kunaweza kuokoa rafu nyingi kuliko kuwabana mafundi wapunguze matumizi.

Msitumie kanuni hii kwa vipuri vinavyotoka kimoja kwa miezi miwili. Huko mtawanyiko hauna umbo hilo. Na siku ambazo stoo ilikuwa tupu ziondoeni kwenye kumbukumbu za matumizi, kwani sifuri ya siku hiyo haimaanishi hakuna aliyehitaji.

SWALI: Tawi la Kwanza hufunga kwa wakati mashauri 67 kati ya 100, la Pili 82 kati ya 100. Bodi inataka kulipa bonasi Tawi la Pili. Tawi la Kwanza wanalalamika kuwa wanaonewa. Wana hoja?

JIBU: Wanaweza kuwa nayo. Tenganisheni mashauri mepesi na magumu kwanza. Mfano unaotoa jumla hizo hizo: Kwanza walipata mepesi 20 wakafunga 19 (asilimia 95), na magumu 80 wakafunga 48 (asilimia 60). Pili walipata mepesi 80 wakafunga 72 (asilimia 90), na magumu 20 wakafunga 10 (asilimia 50). Kwanza wameshinda katika kila fungu, wakashindwa katika jumla, kwa sababu wamebebeshwa magumu.

Mlinganisho wa haki ni kuwapa wote mchanganyiko mmoja kwenye karatasi. Tukichukua nusu mepesi na nusu magumu, Kwanza wanapata asilimia 77.5 na Pili 70. Mafungu yawe yameamuliwa kabla ya kutazama matokeo, na shauri liitwe gumu na mtu asiyepokea bonasi. Vinginevyo, mwakani kila shauri litakuwa gumu.