Ukipigiwa simu baada ya kuchangia damu, nenda

Mkuu, umeuliza mdogo wako aliyechangia damu hapa Dodoma kapigiwa simu arudi kuchukua majibu, na sasa kagoma kwenda akidhani ni ukimwi. Ngoja nikueleze yaliyonipata.

Nilichangia dada yetu alipoletwa kutoka Mpwapwa, kajifungua na damu imemwishia. Fomu, uzito, presha, wakanitoa, nikapewa soda nikarudi zangu Nkuhungu. Wiki tatu baadaye ikaja simu kama hiyo. Nilikaa siku nne sendi, usingizi sipati.

Kila chupa ya damu hupimwa VVU, kaswende, homa ya ini B na homa ya ini C. Mimi nilikutwa na B. Aliyenipa majibu alinitamkia pale koridoni, watu wamekaa kwenye benchi wanasikia. Hilo liliniuma kuliko ugonjwa.

Kipimo kimoja hakimalizi habari. Watu wazima wengi mwili huwafukuza virusi wenyewe; ndiyo maana nilipimwa tena baada ya miezi 6. Vyangu vilikuwa bado vipo, maana yake ugonjwa ni sugu, yaani umekaa mwilini muda mrefu. Daktari akapima ini, wingi wa virusi na utrasaundi, akasema dawa bado, niwe narudi kila baada ya miezi 6. Mke wangu alikutwa hana, akachomwa chanjo tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Watoto walishachanjwa kliniki.

Mama yangu alinitengea sahani na kikombe karibu mwaka mzima. Jamani, haiambukizwi kwa kula pamoja! Ni damu, ngono, wembe wa kuchangia, na mama kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua.

Na yule aliyeandika hapo juu kwamba ukijihisi una wasiwasi nenda kachangie upimwe bure, tafadhali usifanye hivyo. Ukiambukizwa leo, kipimo kinaweza kupita wiki kadhaa bila kuona kitu, na chupa yako ikaenda kwa mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria. Nenda kapime kama mgonjwa, na yale maswali ya kwenye fomu yajibu kweli.

Mdogo wako aende kesho asubuhi, aombe kuzungumza ndani, mlango umefungwa. Kama anaogopa kwenda peke yake niandikie inbox, nitamsindikiza.