Bia ya kahawia ya kupika nyumbani, na kuipeleka mbele ya wapishi wenzako

Mkuu, umeuliza mambo matatu kwa mpigo: upike vipi bia ya kahawia ya Kiingereza, uipeleke vipi kwenye klabu ya wapika bia uliyojiunga nayo hapo Leeds bila kuaibika, na kama unaweza kutia magome machungu ya mti wa msesewe ili iwe na ladha ya mbege, pombe ya ndizi na ulezi ya kwetu Kilimanjaro. Mimi nipo Yorkshire, huku kaskazini mwa Uingereza, muda mrefu sasa, napikia jikoni kwangu, na bia ya kahawia ndiyo ninayoipika kuliko nyingine zote. Nitasema nilivyozoea, wakuu wengine wataongeza.

Sheria kwanza, maana najua inakutia wasiwasi. Uingereza tangu 1963 huhitaji leseni kupika bia ya kunywa mwenyewe na jamaa zako. Kuuza ni habari nyingine, hata chupa moja. Na mambo ya kukeneka, yaani gongo, usiyaguse kabisa.

Sasa bia yenyewe. Wengi wakisikia kahawia wanadhani ni stauti, ile bia nyeusi, iliyoongezwa maji, basi wanajaza kimea cheusi mpaka kinywaji kinakwaruza koo. Bia ya kahawia ya huku kaskazini, kuanzia Newcastle Brown Ale iliyoanza kuuzwa 1927 hadi ile ya Samuel Smith pale Tadcaster, ni nyepesi kuliko inavyoonekana kwenye glasi. Unapata ukoko wa mkate, karanga, utamu kidogo wa sukari guru, halafu mdomo unakauka. Huko kukauka ndiko kunakomfanya mtu aombe glasi ya pili. Kabla hujawasha jiko nunua hiyo ya Tadcaster, uinywe polepole ukiwa na daftari. (Ile ya Newcastle siku hizi haipikwi Newcastle. Jina lake liliwahi kulindwa na Umoja wa Ulaya kama bidhaa ya mji ule. Kiwanda kilipohama, ulinzi ukafutwa. Ukitaka kumchokoza mwenyeji wa kule, anzia hapo.)

Kwa lita 20 natumia kilo 3.6 za Maris Otter, yaani kimea cheupe cha shayiri ya Kiingereza, gramu 300 za kimea cha kristali (chenye utamu wa karameli) cha rangi ya kati, gramu 200 za kimea cha amba (kilichokaangwa kidogo) na gramu 150 za kimea cha chokoleti. Hicho cha mwisho hakina chokoleti ndani, ni shayiri iliyokaangwa sana. Ukifika kwenye hizo 150 mkono utakuwasha kuongeza. Usiongeze. Rangi utakayoiona kwenye sufuria inatosha.

Tia nafaka kwenye mfuko wa nailoni, loweka ndani ya sufuria kubwa, joto likae nyuzi 66 au 67 kwa saa nzima. Mimi hufunika sufuria kwa blanketi kuukuu. Ukishuka sana chini ya hapo, hamira italamba karibu sukari yote na bia itakuwa nyembamba. Ukipanda kupita 69, itabaki na utamu unaochosha. Kisha toa mfuko, acha ujichuje, chemsha saa moja. Gramu 40 za hopsi, yale maua ya kutia uchungu, aina ya East Kent Goldings mwanzo wa mchemko, gramu 15 dakika 10 kabla ya kuzima. Haidromita, kile kipimo cha kuelea kinachoonyesha wingi wa sukari, isome karibu na 1.045 kabla ya hamira, na bia ikishaiva isome kama 1.012. Hapo una kilevi cha asilimia 4 na kidogo.

Hamira ya unga ya Kiingereza inatosha, usihangaike na za bei mbaya. Kinachotaka uangalifu ni joto. Jikoni kwa Yorkshire mwezi wa kwanza, usiku hamira inalala fofofo, asubuhi unadhani kazi imekwisha kumbe haijafika hata nusu. Ndoo yangu inakaa ndani ya beseni la maji lenye kihita cha tangi la samaki, kile kidogo cha kioo, nimekiweka nyuzi 19. Povu likishashuka napandisha hadi 21 kwa siku mbili tatu. Usiruke hatua hii, kwa sababu hamira hutoa kitu chenye harufu ya siagi halafu hukila yenyewe ikipewa muda na joto. Kwenye bia ya kahawia siagi hiyo inajificha nyuma ya kristali, mpishi mwenyewe haisikii, wenzake wanaisikia.

Kujaza chupa: sukari gramu 100 kwa ndoo nzima, mpira wa kunyonyea ufike chini kabisa ya chupa, bia isirukeruke. Hewa ikiingia hapo, baada ya wiki kadhaa bia itanuka boksi lililolowa, na hakuna dawa.

Swali la pili ndilo nilitaka kulifikia, maana mapishi utayapata popote.

Klabu yetu hukutana chumba cha nyuma cha baa. Kila mtu na chupa zake, glasi ndogo, bia zinazunguka kuanzia nyepesi hadi nyeusi, kwa hiyo ya kahawia huja katikati, ndimi bado ziko macho. Kuna mzee mmoja, fundi bomba mstaafu. Akimiminiwa haonji. Anaifunika glasi kwa kiganja, anaizungusha hadi ipate joto la mkono, anainua kiganja kidogo, ananusa mara moja, anaiweka mezani. Kuna jioni kijana mmoja alileta bia ya kahawia yenye rangi nzuri ajabu, na kabla haijafika mezani akaanza kueleza: kimea kimetoka wapi, hopsi ngapi, kaisubiri muda gani. Watu wakanywa huku wanatikisa vichwa. Karanga, ndiyo. Mkate, ndiyo. Walikuwa wanarudisha maneno yake. Alipomaliza, mzee akamuuliza maji aliyatoa wapi. Bombani. Mzee akasema, "Plasta." Ile plasta ya kidonda. Meza nzima ikanusa tena, na kweli, hakuna aliyeweza kunusa kitu kingine tangu hapo. Klorini ya maji ya bomba ikikutana na vilivyomo kwenye kimea na hamira huleta harufu hiyo, na kinga yake ni nusu kidonge cha Campden (dawa ya kuondoa klorini) kwenye maji yote ya kupikia kabla hujaanza. Kidonge kizima kinagharimu senti chache tu.

Kwa hiyo ushauri wangu: mimina, kaa kimya. Taja aina ya bia basi. Wakishasema, ndipo ueleze ulichofanya. Na usipime kwa sifa, Waingereza ni watu wa adabu mno kwa hilo. Tazama glasi zinazobaki zimejaa nusu, na nani ananyoosha mkono kuomba tena. Mtu akikwambia inanuka tufaha bichi, ina maana uliiwahisha, hamira ilikuwa bado kazini. Akisema mahindi ya kuchemsha, ulichemsha ukiwa umefunika sufuria. Andika, usijitetee.

Mambo madogo: usiipeleke ikiwa imetoka kwenye friji, nyuzi 12 hivi ndiyo inafunguka. Chupa zisimame wima tangu jana yake ili machicha yatulie, na ukimimina bakiza bia ya kina cha kidole kimoja chini ya chupa. Peleka chupa mbili, ya pili ni ya yule atakayetaka kuzungumza nawe baada ya wengine kuondoka. Onja na za wenzako kwa uangalifu uleule, maana anayekuja kuonjesha tu halafu anashika simu, hualikwa mara chache.

Sasa msesewe. Hapana, mkuu. Najua mbege bila uchungu ule si mbege, lakini huo ni mti wa jamii ya Rauvolfia, na miti ya jamii hiyo ina kemikali zinazogusa presha na moyo. Nyumbani mama zetu wanajua kipimo na wanywaji wanajua wanachokunywa. Huku unampa mzee wa miaka 70 ambaye hujui anameza vidonge gani. Uchungu waachie hopsi.

Ukitaka Kilimanjaro iwemo, tumia ulezi. Maduka ya Wahindi hapo Leeds wanauza kwa jina la ragi. Nunua punje nzima, si unga. Loweka usiku mmoja, chuja, tandaza kwenye kitambaa chenye unyevu siku tatu mpaka mizizi itoke, kausha kwenye oveni kwa moto mdogo kabisa mlango ukiwa wazi kidogo. Tumia gramu 400, upunguze Maris Otter kiasi hicho hicho. Punje ni ndogo, kinu cha shayiri kinaziachia nzima, kwa hiyo zisage peke yake kwenye mashine ya kahawa, na mfuko wako uwe wa matundu madogo la sivyo utakesha ukichuja. Gramu hizo 150 za chokoleti zishushe ziwe 100, vinginevyo ulezi hautasikika.