Tone moja la lavenda kwenye uji wa mtoto?

SWALI: Habari dokta, mwanangu ana mwaka na nusu, usiku halali kabisa analia tu. Kuna dada kwenye grupu letu la wasap kaniuzia kichupa cha mafuta ya lavenda, kasema nimpake kifuani hivyohivyo na nimtilie tone kwenye uji wa jioni, eti ni ya asili hayana madhara. Kwa umri wake nitie matone mangapi?

JIBU: Sifuri, mama. Na umefanya la maana kuuliza kwanza, maana mimi mfamasia hapa kaunta swali hili nakutana nalo kila leo na wengi wanakuja mtoto ameshapewa.

Kinachonichosha ni hilo neno "ya asili". Muhogo mchungu si wa asili? Tumbaku je? Lavenda ni mmea wa pande za Mediterania, ndugu yake mrehani na nanaa, kule kusini mwa Ufaransa wanakausha maua wanayaweka kabatini katikati ya nguo, wanatia kwenye sabuni, mtu mzima akitaka anakunywa chai ya maua yake, sawa tu. Ila kichupa chako sio maua! Hayo ni mafuta yaliyokamuliwa kwa mvuke, rundo zima la maua linatoa mafuta kiduchu, kwahiyo tone moja sio sawa na ua moja hata kidogo. Mtoto akimeza anaweza kulegea na kusinzia vibaya, na akipaliwa mafuta yakaingia kwenye mapafu hapo ni nimonia ya kujitakia. Kama alishameza usimtapishe, mkimbize hospitali na kichupa ukibebe.

Kifuani nako usimpake. Hata mtu mzima hapaki yakiwa makali hivyo, anachanganya matone kama mawili kwenye kijiko cha chai cha mafuta ya nazi, na kichupa kilichokaa wazi muda mrefu ndo kibaya zaidi kwasababu ile linaloli iliyomo, kemikali mojawapo inayoyapa harufu, ikishapigwa na hewa inageuka kuwa kitu kinachowasha ngozi na kuleta aleji.

Wauzaji watakusimulia habari za Gattefossé, yule mkemia Mfaransa aliyeungua maabara ilipolipuka mwaka 1910 akatibu vidonda vyake kwa lavenda. Sawa, aliungua kweli, ila alikuwa mtu mzima na aliosha vidonda, hakutia kwenye uji wa mtoto. Wengine watakwambia mbona Ujerumani wanauza vidonge vya lavenda, ni kweli vipo, vya miligramu 80, vya watu wazima wenye wasiwasi, vimepimwa na kila kidonge kina kiasi kilekile, sasa hicho cha kwenye grupu nani kakipima?

Mtoto wako mpeleke kliniki waangalie masikio, meno, pua, homa, maana mtoto halii usiku kucha bila sababu.

Halafu jamani hivi vichupa vya bei ya kutupa, vingi ni manukato ya kiwandani tu yanayonukia lavenda, na vingine ni lavandini, ile chotara ya lavenda, ambayo ina kafuri nyingi zaidi, na kafuri mtoto akiimeza inaweza kumletea degedege. Muuzaji wala hajui anauza kipi, lakini orodha ya magonjwa anayo ndefu: presha, sukari, kifafa, kukosa mtoto. Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja ameacha vidonge vya presha wiki tatu ananusa tu lavenda asubuhi na jioni, tukampima, 190 kwa 110, akatoa kichupa mfukoni nikakigeuza huku na huku, kimeandikwa "asilia 100%" basi, jina la mmea hakuna wala la aliyekitengeneza.