Mita Nzima, Saa Ndiyo Mbovu

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa vikundi vinavyopiga doria ya boti katika Mto Sabaki, kaskazini ya Malindi.

Assalaam aleikum. Kila Jumamosi saa tatu asubuhi tunatoka mlango wa mto hadi darajani, tukipima maji na kuandika taka. Wiki moja mita inaonyesha chumvi kidogo na uchafu mwingi. Wiki ya pili chumvi tele, maji afadhali. Mita imekufa? — Vijana wa Mambrui

Waaleikum salaam. Mita nzima. Kilichowaponza ni hiyo saa tatu. Maji huchelewa dakika 50 hivi kila siku, kwa hiyo baada ya siku saba saa ileile inawakuta upande wa pili kabisa. Jumamosi ya bamvua (maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu), saa tatu maji yanakaribia kupwa, mnapima mto. Jumamosi ya maji mafu (ya nusu mwezi, yasiyojaa wala kupwa sana), saa hiyohiyo bahari imeshapanda, na mnachopima ni Bahari ya Hindi iliyoingia ndani. Wazee wenu wavuvi wangewaambia bila mita.

Pandeni maji yakijaa, kisha teremkeni mkipima katika saa mbili za mwisho za maji kutoka. Chukueni pondo, mti wa kusukumia boti, maana mafungu ya mchanga Sabaki huhama kila baada ya mafuriko. Chupa izamishwe sentimita 20 hadi 30, mdomo ukielekea mkondo unakotoka, mbele ya boti na mashine ikiwa imezimwa. Maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi. Anayechota juu leo na chini kesho amepima mito miwili. Mita ikisoma maelfu ya maikrosiemensi kwa sentimita, yaani kipimo cha maji yanavyopitisha umeme kwa chumvi yake, bahari imo (yenyewe hupita 50,000, mto mtamu huwa katika mamia). Andikeni, lakini msiulinganishe usomaji huo na wa mto.

Na ikiwa maji yatapwa jioni, ahirisheni. Viboko hutoka kwenda malishoni giza likiingia, na boti iliyo kati ya kiboko na kina chake haina mjadala.

Kwenye vidimbwi vya kando tunaona utando wenye rangi za upinde wa mvua. Tumwagie sabuni? — Msomaji, Gongoni

Hapana! Sabuni huyatawanya mafuta ndani ya maji, yakawafikia samaki pale ambapo huwezi tena kuyaona. Kwanza chokoa utando kwa kijiti. Ukivunjika vipande kama kioo chembamba na vipande vikabaki mbalimbali, ni bakteria wa udongo wenye chuma, hauna neno. Ukijifunga tena nyuma ya kijiti, ni mafuta. Fuata yanakotoka kabla ya kupiga simu, na uchunguze boti yako pia. Mashine ya mchanganyiko wa 50 kwa 1 inataka mililita 20 za oili kwa lita ya petroli. Wanaozidisha "ili isife" huacha utando huohuo nyuma yao.

Mashine inachemka tukifika juu.

Tazama kijito cha maji ya kupozea kinachorushwa nyuma. Kikidhoofika, zima, inua, toa plastiki kwenye tundu la kuvuta maji. Kama tundu ni safi, raba ya pampu imelika: matope ya Sabaki ni msasa. Beba ya akiba.

Sampuli yetu itakubalika mahakamani?

Peke yake, ni vigumu. Mwiteni mkaguzi wa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, achote na kufunga mwenyewe. Yenu iwe ya kumwonyesha pa kuchota: saa, hali ya maji, picha, mahali. Ya kupima vijidudu ikae kwenye barafu na ifike maabara ndani ya saa 6. Kuhusu haki ya kushtaki, Ibara ya 70 ya Katiba ya Kenya ya 2010 haidai uthibitishe kwamba kuna mtu aliyeumia au kupata hasara.